Siku Parokia Muzima Ilinitetea

Bandugu, mucheke tu, sitabakataza, juu ata mimi mwenyewe nikikumbuka ile siku ya Mungu mu kanisa yetu ya Butembo nasikiaka uso inawaka moto, na miaka imeshapita mingi. Kuna ile haya ya mutu kuanguka mu matope mbele ya batu, ile inakwisha, unafula suruali unaendelea na safari. Hii yangu haifuliki. Bamama benye banaimba mu chorale, mpaka leo nikipita pembeni yao bananiitaka "Monsieur Kizuizi", na mimi najifanya sikusikia, naangalia juu sawa mutu mwenye anatafuta kujua kama mvua itanyesha.

Ilikuwa wakati ya vita. Inchi ilikuwa imekatwa vipande-vipande, na huku kwetu, Butembo na Beni, barebelle, bale baasi, njo balikuwa serikali, na bao benyewe balikuwa banagawanyika kila mara, unalala chini ya président huyu unaamka chini ya mwengine. Mimi nilikuwa mwalimu, mais masomo ikafungwa, nikaenda Manguredjipa kuchimba dhahabu, dhahabu ikanikataa, nikarudi Butembo kufanya kabiashara kadogo ya sabuni na petroli ya taa yenye nilikuwa naileta kutoka Kamango, kule ku mupaka ya Uganda. Bibi yangu Kavira, yeye alikuwa analima Kalunguta, ku shamba ya baba yake, na hapo njo roho yangu haikuwa inatulia ata kidogo: ile njia ilikuwa na batu ba bunduki, leo banakamata mihogo tu, kesho banakamata na mwenye kuibeba. Akiondoka asubuhi na kitunga ku mugongo, nilikuwa nabaki naongea na baclients mais masikio iko ku barabara mpaka arudi.

Donc siku nilisikia kama kule Beni baobservateur ba amani, bale bageni benye balikuja kuangalia kama bakubwa betu banaheshimu mikataba yao (banaheshimu wapi!), banatafuta interprète wa kubatafsiria, mwenye anajua Kinande, Swahili na Français, nilikimbia nyumbani namna nilikuwa, na ndara mu miguu, nikamuambia Kavira: "Mama Masika, nikipata hii kazi, ile jembe ya Kalunguta utaiweka chini. Hautapita tena mu ile njia. Ni promesse."

Akaniangalia, akasema tu: "Tutaona, Baba Masika." Mais kisha nikamusikia jikoni anaimba, na Kavira si mutu ya kuimba ovyo.

Nikashuka Beni, na ile cravate yangu ya ualimu ku shingo, juu mutu anaenda bureau ya bakubwa lazima afanane na bureau. Pale nikapokelewa na Monsieur Bofala, mutu ya Équateur, jimbo ya mbali ya Congo yetu, zamani alikuwa mufanyakazi ya État, serikali ya Kinshasa, alitumwa Beni mbele ya vita, kisha vita ikamufungia njia ya kurudi kwao. Baobservateur balimupa kazi ya enquête, ya kuchunguza batu. Mbele mutu aingie mu bureau yao, asikilize radio zao, ajue ndege inafika saa ngapi na inabeba nani, lazima Monsieur Bofala aseme kwanza kama ni mutu ya kuaminiwa. Akikataa, imekwisha, ata ujue luga yote ya dunia.

Alikuwa mupole sana, na njo ilikuwa mubaya, juu mutu mukali unamuogopa, mupole unamuzarau. "Asseyez-vous, Monsieur Kasereka," akasema, akanionyesha kiti. "Maulizo yangu ni mbili, drogue na kodi. Nikuelezee juu ya nini. Mutu mwenye anafichaka mambo ya drogue, kesho adui anamujua, anamuambia, nipe habari ya bureau ao nitasema siri yako, na yeye anatoa. Na mutu mwenye anakwepa kodi, tunajiuliza atakwepa nini tena. Mais écoute bien, ndeko. Kama ulivuta zamani, niambie ulivuta wapi na uliacha wakati gani. Kama kodi hukulipa, niambie juu ya nini. Tunapima, tunaelewana, sisi bote ni batu. Kitu moja tu hatupimake, ni lokuta." (Kwa bale hamujui Lingala, ndeko ni ndugu, na lokuta ni uongo.)

Munasikia, bandugu? Mutu alinifungulia mulango, akaushika na mukono, akaniambia pita.

Na mimi? Nikawaza Manguredjipa, mu ile shimo ya maji ya baridi, namna tulikuwa tunavuta bangi kila asubuhi mbele ya kushuka, juu bila ile woga ingetuua mbele udongo haijatuangukia. Niliiacha palepale nilipoacha shimo, ata siku moja sikuirudilia. Nikawaza kodi: tangu nianze ile petroli sikuwahi kutangaza kitu kwa mutu ya État. Na nani angenilaumu? État gani? Ile ya Kinshasa, ile ya Beni, ao ile ya kijana na bunduki ku barrière ya barabara? Ile ilikuwa jibu muzuri sana, Monsieur Bofala mwenyewe angecheka. Mais nilikuwa na cravate. Mutu akishavaa cravate anaonaka haya kusema alikuwa mutu ya shimo.

"Drogue? Mimi?" nikasema, na nikacheka kidogo sawa mutu ametukanwa. "Jamais, monsieur. Niko Mukatoliki."

"Na kodi?"

"Nalipaka yote. Ingine nalipaka mbele ya kuombwa." (Eh, Kasereka! Nani alikutuma kuongeza ile ya mwisho?)

Akaniangalia mu macho, taratibu. "Vraiment? Ni kweli?"

"Vraiment."

"Bon," akasema. "Makaratasi mimi siangaliake, huku kila mutu iko na cachet, muhuri yake, mu mufuko. Siku ya Mungu nitapanda Butembo. Nataka mutu ya parokia yako aniambie, na masikio yangu nisikie, kama uko mutu safi."

Nikarudi naruka-ruka. Katekiste yetu, Papa Mbusa, nilimujua tangu utoto, njo alinifundisha kusali, nikasema hii kazi imeshaingia mufukoni. Kumbe Papa Mbusa ni mutu ya sheria. Akanisikiliza mpaka mwisho, akakuna ndevu, akasema: "Mutoto yangu, kanisa haisemake mutu ni safi bila kuuliza batu. Kama ni ndoa, tunatangaza. Kama ni musimamizi ya ubatizo, tunatangaza. Na wewe tutakutangaza. Kama hakuna mwenye anasema kitu, nitamuambia ule papa wa Beni: huyu ni safi."

Ningekuwa na akili, ningekimbia. Mais nikawaza, nani atasimama? Bangi nilivuta Manguredjipa, mbali, mu pori. (Nilisahau kama vita ilishafukuza bote ba Manguredjipa, na kila siku ya Mungu banakaa pale nyuma ya kanisa, banaimba kushinda sisi.) Woga yangu ilikuwa ingine: Kavira. Sikumuambia kitu ya ile maulizo. Bangi sikumuambiaka tangu tuoane, ningeanza kumuambia sasa, siku njema inakuja? Basi nikamuomba Papa Mbusa kitu moja, kidogo tu: "Papa, usitaje ile mambo ya drogue na kodi, batu bataanza kuwaza mubaya. Sema tu kama nataka kuanza maisha mupya kule Beni."

"Unataka vile?"

"Nataka vile, Papa. Unipatie neno yako."

Akanipatia. Na Papa Mbusa akikupatia neno, ni neno.

Ile siku ya Mungu kanisa ilijaa mpaka inje. Monsieur Bofala alikuwa mbele, amekaa ku banc ya bakubwa, na costume ya kijivu na miwani. Mimi ku upande ya banaume, cravate yangu imefungwa mpaka inaninyonga. Kavira ku upande ya banamuke, na Masika wetu ku magoti, na kitenge yake ya sikukuu, juu alijua kama mutu ya Beni atakuja kuniona, mais namna gani ataniona, hakujua.

Kisha ya komunyo, Papa Mbusa akasimama kusoma matangazo. Akaanza na bandoa, bapenzi babili, jina za bazazi, kijiji, mwenye anajua kizuizi aseme. Kimya. Kisha, bila kuvuta pumzi, na sauti ileile: "Tena, Kasereka, mutoto ya marehemu Paluku, wa hapa kwetu, anataka kuanza maisha mupya kule Beni. Mwenye anajua kizuizi, aseme sasa."

Mungu wangu. Nilisikia ku upande ya banamuke "Eeeeh!" moja murefu, inaanzia mbele inaenda nyuma.

Mbele niamuke, Mukaka Katungu, ule mama muzee mwenye alinibebaka mugongoni nikiwa mutoto, alishasimama na fimbo yake. "Kizuizi iko!" akapaza sauti. "Huyu iko na bibi! Bibi yake njo huyu hapa, anakaa pembeni yangu! Beni anaenda kuoa nani?"

Kanisa ikapasuka. Bamama banapiga mikono, batoto banapanda juu ya mabanc, Padiri anagonga altari: "Silence! Silence, muko mu nyumba ya Mungu!" Na Kavira akasimama, taratibu, akamupatia Mukaka Katungu mutoto, akaniangalia juu ya vichwa ya bote. Dada yake mukubwa aliachwa vile, bwana alienda Beni "kutafuta kazi" na akatafuta bibi. Donc nilijua anawaza nini.

"Baba Masika," akasema. "Njo ile kazi ya Beni?"

Hakupiga kelele. Ningependa apige kelele.

Nikamuangalia Papa Mbusa, na macho namuomba, sema, papa, elezea batu. Papa Mbusa akafunga mudomo. Nilimuomba asitaje, na yeye alinipatia neno yake, donc alisimama pale na mikono nyuma, ananiangalia, anangojea mimi mwenyewe nijieleze. Na Kavira alishachukua mutoto, anaelekea mulango. Sasa hapo, bandugu, akili yangu yote ikaniacha. Nikapanda juu ya banc. Mimi, mwalimu. Nikapiga kelele mpaka sauti ikapasuka:

"Hapana ndoa! Hapana bibi mwengine, Kavira, simama! Ni enquête! Banataka tu kujua kama nilivutaka bangi na kama nalipaka kodi!"

Kanisa muzima ikanigeukia. Ata batoto. Ku banc ya mbele, Monsieur Bofala alikuwa amegeuka, ananitazama. Na kama ingeishia pale, haya yangu ingekuwa ndogo tu, ningesema hapana, hapana, tumalize misa. Mais batu ba parokia yangu bananipenda. Njo ilikuwa shida.

Nyuma kabisa, pale banakaa ba Manguredjipa, Kakule akasimama. Kakule ni rafiki yangu tangu masomo, tulimaliza humanités, masomo ya sekondari, pamoja, tukachimba shimo moja. Alikuwa na hasira, si ya kunikasirikia, ya kunitetea. "Padiri, unisamehe, mais siwezi kunyamaza wakati banataka kuharibu jina ya ndugu yangu! Bangi? Kasereka hapana mutu ya bangi! Mutu ya bangi ni mimi! Kule Manguredjipa mimi nilikuwa navuta asubuhi na mangaribi, yeye asubuhi tu! Na akimaliza, anafanya alama ya musalaba, njo anashuka mu shimo. Mutu ya vile munamuita mulevi?"

"Hapanaaa!" kanisa ikajibu. Na batu bakapiga mikono.

Nilikuwa namufanyia Kakule alama na mukono, kaa, kaa chini, yeye akaona sawa namushukuru, akanitikisia kichwa. Wakati ileile Mama Kyakimwa, mwenye anauzisha petroli pembeni yangu mu soko, akasimama naye, analia machozi ya kweli. "Na ile ya kodi ni jeuri tu! Nani hapa analipaka? Asimame tumuone! Huyu kijana njo alituonyeshaka ile njia ya mu migomba kule Kamango, tunapita nyuma ya barrière na mabidon yetu ya petroli, hakuna mwenye anatuona. Bila yeye batoto yangu bangelala njaa. Mungu amubariki!"

"Amina!" bakajibu bote. Amina, bandugu. Ata Padiri, nilimuona, mudomo yake ilisema Amina.

Monsieur Bofala akatoa miwani, akaipangusa na kitambaa, akaivaa tena. Mimi nilikuwa ningali juu ya banc, sijui kushuka.

Kisha ya misa alikuwa ananingojea inje, ku kivuli ya ukuta. Nilimufikia na maneno imeshajaa mu kinywa: "Monsieur, ile ya bangi ilikuwa zamani..."

"Najua ilikuwa zamani," akasema, na haikukuwa sauti ya kunikemea. "Uliacha. Ulikuwa mu shimo, mu maji ya baridi. Ile ningeielewa. Kodi, mimi mwenyewe sijui huku mutu amulipe nani. Uko na batu bazuri, Monsieur Kasereka, sijaonaka mutu anapendwa vile. Mais nilikuuliza vraiment, na ukanijibu vraiment." Akanipatia mukono. Kisha akauliza: "Ule rafiki yako wa asubuhi na mangaribi, anajua Français?"

"Anajua, monsieur. Muzuri sana."

Angalau ile nilisema kweli. Kakule njo alipata kazi. Alikuja kwangu kwanza, kichwa chini, anasema hawezi kuikubali, ni kazi ya ndugu yake, na mimi nikamufukuza aende, juu yeye hakukosea kitu. Kila alipopanda kutoka Beni alikuwa anatuletea sukari, na ile sukari ilikuwa inaniingia vibaya mu shingo.

Nyumbani ile siku Kavira alingojea kwanza mutoto akule na alale. Kisha akakaa mbele yangu ku kiti ndogo ya jikoni.

"Bangi nilijua," akasema. "Ile koti yenye ulirudi nayo Manguredjipa, nani aliifula? Niliifula mara na mara, harufu inakataa kutoka. Nikasema, atasema siku yake. Kodi, mimi mwenyewe nilibebaka bidon mu ile migomba. Donc pale hakuna kitu."

Nikasikia sawa mutu ametua muzigo. "Sasa unakasirika juu ya nini, Mama Masika?"

"Ule papa alikuangalia mu macho, akakuuliza, na wewe ukamujibu bila kutetemeka. Mimi sikujua kama unaweza ile." Akainua kichwa. "Sasa najiuliza, mimi uliniangaliaka vile mara ngapi?"

"Ata mara moja, Kavira."

Na ilikuwa kweli, juu ya bangi nilinyamazaka tu, yeye hakuniulizaka. Mais nilisikia na masikio yangu namna ile neno ilitoka: sauti ileile ya pale Beni, muzuri, bila kutetemeka. Na yeye alisikia. Akasimama, akaenda kuosha masahani.

Asubuhi akachukua kitunga na jembe, akaenda Kalunguta. Siku zenye niliweza nilienda naye. Siku zenye nilikuwa Kamango, alienda na bamama benzake, na siku moja ya zile alirudi bila kitunga, bila kitenge ya juu, bila viatu. Bale ba bunduki habakumufanya kitu kingine, aliniapia, balimunyanganya tu. Nilimukuta amekaa ku mulango, miguu imepasuka na mawe. Hakuniambia, "ungepata ile kazi." Nikatia maji ya moto mu beseni, nikamuosha miguu, na mimi njo nilikuwa nalia.

Tangu pale niliapa, na kiapo yangu inachekesha batu. Mutu akiniuliza kitu, natoa yote. Ku barrière soldat ananiuliza nabeba nini, namuambia mpaka nilinunua wapi na nani alinipunguzia bei, mpaka anachoka anasema papa, pita, pita. Ata mukwe wangu akiniuliza kama bugali ilikuwa muzuri, nasema ilikuwa haijaiva. Niko mutu muzima sasa, Masika wetu iko na batoto bake, vita ya wakati ule batu banaihadisia tu.

Mais Kavira, mpaka leo, akiniuliza, "Baba Masika, umefunga mbuzi?" na mimi najibu, "Nimefunga," ananiambia, "Sawa." Kisha anasimama, anatafuta ndara zake, anatoka inje kuangalia. Na mimi nakaa palepale ku kiti, nangojea arudi.